Mwaka Tulipotaka Kuligawa Darasa la Tatu

Siku mliyoniaga nilipostaafu mlinipa kitenge, saa ya ukutani na maneno mengi mazuri. Kisha mmoja wenu, yule mwalimu kijana wa darasa la pili, akanivuta pembeni na kuniuliza mtaala mpya unamhusu nini mtoto wa Machochwe ambaye jana kutwa alikuwa na wazazi wake shambani akifukuza tembo. Nilimwambia anipe muda nifikiri. Nimefikiri miezi mitatu. Jibu halikai kwenye sentensi moja, kwa hiyo nimeamua kuandika.

Sitaandika vyeo wala madaraja. Hayo yako kwenye faili, na faili langu lililiwa na mchwa upande mmoja.

Nilifika shuleni kwetu nikiwa na miaka thelathini na tatu. Nilikuwa nimefundisha miaka kadhaa kwetu Ukerewe kabla paroko mmoja hajanieleza kwamba masista wanafungua shule ya msingi ndani kabisa, wilaya ya Serengeti, upande wa Kenyamonta. Nikavuka kwa kivuko, nikapanda basi hadi Bunda, basi jingine hadi Mugumu, na kipande cha mwisho nikakaa juu ya mifuko ya saruji kwenye lori la parokia. Nilishuka mweupe kama mzimu. Sista Editruda, mkuu wa shule, mwanamke mrefu wa Bukoba aliyetembea kama anachelewa misa, alinitazama juu hadi chini akasema, "Karibu, mwalimu. Umekula? Kesho unaanza na darasa la kwanza."

Kesho yake nikaingia darasani na kitabu cha kusoma na picha kubwa niliyoichora mwenyewe kwenye karatasi ya manila. Mwanamume mwenye ndevu, ameshika jembe. Chini nimeandika: BABA ANALIMA. Nikasoma, nikawaambia wasome. Kimya. Nikasoma tena. Mtoto mmoja akacheka, wa pili akacheka, mwishowe darasa zima likawa linacheka, na wawili walikuwa wamelala chini ya dawati. Mimi nikafikiri ni vumbi la saruji limebaki usoni.

Wakati wa mapumziko nikamweleza Mwalimu Nyamhanga. Huyu ndiye aliyekuwa mwalimu wa taaluma, yaani msimamizi wa ratiba, mitihani na mihtasari yote. Alikuwa Mkurya wa hapo hapo, amekwenda umri, na hakuwa mtu wa kucheka. Akaiangalia picha yangu kwa muda.

"Mwalimu Perpetua," akasema, "Kikurya, baba ni mama. Baba yako anaitwa tata. Umewaambia watoto kwamba mama yao ana ndevu."

Nilitaka kurudi Ukerewe siku hiyo hiyo. Yeye akachukua kalamu, akachora pembeni mwanamke mwenye mtoto mgongoni, akaandika MAMA, akanirudishia. "Anza na huyu. Waulize wao wanamwitaje. Wakishasema, wewe waambie Kiswahili kinamwitaje. Watakushika." Nikafanya hivyo kesho yake. Tangu siku hiyo sijawahi kuingia darasa la kwanza bila kujua kwanza watoto wanavyoviita vitu nyumbani kwao, na ninyi ambao mmetoka mbali kama nilivyotoka mimi, nawaomba mfanye hivyo hivyo kabla hamjaaibika.

Shule wakati ule ilikuwa na madarasa manne, ofisi moja, na kengele iliyotengenezwa kwa rimu ya lori. Tulifundisha kwa Kiswahili. Kiingereza kilikuja baadaye. Muhtasari wa serikali ulikuwa ule ule wa shule zote, na juu yake masista waliongeza vipindi viwili vya dini kwa wiki, kipindi cha bustani, na misa ya watoto kila Ijumaa. Saa sita kamili rimu iligongwa, kila mtu akasimama alipo kwa Sala ya Malaika wa Bwana, hata mpishi na mwiko wake.

Nyamhanga alinifundisha kazi ambayo chuoni walinifundisha kwa maneno tu: kuandika azimio la kazi, yaani mada gani ifundishwe wiki gani mwaka mzima. Alikuwa na kabati la mbao lisilofungika vizuri, ndani yake mihtasari imepangwa kwa darasa, imefungwa kwa kamba za mkonge. Alitoa kalenda ya ukutani, akaiweka kando ya muhtasari, akaanza kuniuliza maswali. Mvua zinaanza lini hapa? Mavuno ya mtama lini? Ng'ombe wanahamishwa lini kufuata maji? Mimi sikujua hata moja.

"Basi huwezi kujua utafundisha nini lini," akasema. "Hali ya hewa weka mwezi wa tatu, watoto wapime mvua kwa kopo la mafuta ya kupikia. Wewe umeiweka mwezi wa nane. Watapima nini, vumbi? Sehemu ngumu za hesabu weka baada ya mavuno. Kabla ya hapo wanakuja hawajala, unaweza kuongea hadi jioni."

Alikuwa na kanuni moja asiyoivunja. Mada hairukwi. Kama mwalimu ameshindwa kuifundisha wiki yake, Nyamhanga aliiandika kwenye daftari lake aliloliita daftari la viporo, na kila Ijumaa alikuja mlangoni kwako nalo, hasemi kitu, analifungua tu. Tulimwogopa kuliko mkaguzi. Mkaguzi alikuja mara moja kwa mwaka na akapewa soda.

Nilikaa naye hivyo miaka minane. Macho yake yalipoanza kuchoka akanikabidhi kazi ya taaluma, ratiba na kabati, yeye akabaki na Hisabati, na mlangoni akaendelea kuja. Ulikuwa mwaka huo huo, baada ya mavuno kidogo ya mwanzo, mapigano ya koo yalipozuka.

Nitaeleza kwa kifupi kwa wale wageni. Shule yetu iko karibu na mto. Watu wa huku ni ukoo mmoja, wa ng'ambo ni ukoo mwingine. Sitawataja, maana wamekwisha kupatana na wajukuu wao mnawafundisha ninyi. Ilianza kwa ng'ombe walioibwa, ikaenda kwenye shamba la bonde ambalo kila upande uliliita lake, na kabla ya wiki tatu nyumba zilikuwa zimechomwa pande zote mbili. Tulikuwa na watoto wa koo zote mbili, wengi wao wa bweni, kwa hiyo hawakuwa na pa kukimbilia zaidi ya pale pale tulipokuwa nao.

Darasa la tatu lilikuwa langu kwa Maarifa ya Jamii. Nilipofungua azimio la kazi nikakuta mada ya wiki inayofuata ni Ukoo. Nikaenda kwa Nyamhanga na daftari langu mkononi. Alikuwa amekaa benchi la nje akisahihisha.

"Ruka," akasema.

Nikadhani sijasikia. "Niruke mada?"

"Ruka, mwalimu. Nitaiandika mwenyewe kwenye viporo." Hakuinua kichwa. "Mtoto wa kaka yangu yuko kwenye mapigano. Mimi sitaki kusikia neno hilo likitamkwa darasani."

Sista Editruda naye alisema vivyo hivyo. Basi nikafundisha utunzaji wa vyanzo vya maji, kana kwamba maji ya bonde lile hayakuwa moja ya mambo yaliyokuwa yakipiganiwa.

Haikusaidia kitu. Bwenini, wasichana walisogeza vitanda wenyewe, wa huku upande wa mlango, wa ng'ambo upande wa dirisha, katikati wakaacha njia ambayo hakuna aliyeipita. Ijumaa kwenye misa, padre aliposema tupeane amani, kila mtoto aligeuka akampa mkono mtu wa ukoo wake tu. Watoto wa miaka tisa. Padre alisimama pale altareni, mikono bado ameinyoosha, akangoja. Hakuna aliyesogea. Mwisho akaendelea na misa kwa sauti ndogo.

Katika darasa hilo walikuwapo wasichana wawili, Wankuru wa huku na Mugesi wa ng'ambo. Walikuwa wamekaa dawati moja tangu darasa la kwanza. Mugesi alisoma vizuri, Wankuru alikuwa mkali wa hesabu, na walikuwa wamepatana kusaidiana kwa namna ambayo mimi nilijifanya siioni. Jumatatu moja zilikuja habari kwamba baba yake Mugesi amepigwa mshale wa paja na amepelekwa hospitali Mugumu. Mugesi akachukua daftari lake, akaenda kukaa sakafuni nyuma ya darasa. Nilimwomba arudi. Akasema, "Mwalimu, hapa panatosha." Alikaa sakafuni siku nne. Siku ya tano mama yake akaja kumchukua na sanduku lake.

Wiki iliyofuata kamati ya wazazi, wa huku watupu, ikaja na ombi. Parokia ilikuwa karibu kumaliza chumba kipya ili mwaka huo tuanze mikondo miwili, A na B, kwa kuwa darasa lilikuwa limejaa. Mzee Mwita, baba yake Wankuru, ndiye aliyesema kwa niaba ya wengine. Alikuwa mtu wa heshima, mwenye ng'ombe wengi na sauti ya chini.

"Sista, hatutaki ugomvi na shule," akasema. "Mkondo A wawe watoto wetu. Mkondo B wawe wa wale. Bweni vivyo hivyo. Mkifanya hivyo hatutamwondoa mtoto hata mmoja."

Na wa ng'ambo walipoulizwa, kwa ujumbe, wakakubali. Lilikuwa jambo la kwanza walilokubaliana mwaka ule.

Sista akaniita ofisini. Alikuwa amechoka, macho yamemwingia ndani. "Niandikie ratiba ya mikondo miwili na majina ya watoto. Nipe Jumatatu, wazazi watakuja kuisikia."

Mnaweza kunidhania vizuri kuliko nilivyokuwa, kwa hiyo niseme wazi: nilikwenda kuiandika. Nilichukua rejesta ya darasa la tatu, nikapiga mstari katikati ya karatasi, nikaanza. Mwita, A. Huyu, B. Yule, A. Nilipofika jina la kumi na kitu nikakwama, kwa sababu mtoto huyo sikujua ni wa wapi. Nikamwuliza Nyamhanga. Akaniambia. Nikamwuliza wa pili, wa tatu. Nikamwuliza wa nne. Alikuwa anaitazama karatasi ile kwa karibu sana, kama alivyotazama kila kitu siku hizo.

"Na mimi niandike," akasema.

"Wapi?"

"Ndiyo nakuuliza. Tata wangu ni wa huku. Mama yangu alitoka ng'ambo, alivuka mto akiwa bibi harusi. Niandike mkondo gani?"

Nilikuwa nimeishi pale miaka minane na sikulijua hilo. Nikaweka kalamu chini. Rimu ikagongwa, tukasimama kwa sala, tukakaa tena. Ndipo akatoa lile daftari la viporo mfukoni mwa koti, akalifungua mbele yangu kama alivyofanya Ijumaa zote, akaweka kidole kwenye neno Ukoo.

"Fundisha," akasema. "Nilikosea. Nitakaa nyuma."

Sikumwambia Sista. Kipindi cha kwanza cha Alhamisi nikachora ubaoni mchoro wa kawaida uliomo kitabuni: mimi, baba na mama, babu na bibi wa pande zote mbili. Nikawaambia kila mmoja aujaze, na kando ya kila jina aandike mtu huyo alizaliwa wapi. Wasiojua waliulizana, ndugu na binamu walikuwa humo humo darasani. Wengi walijua zaidi yangu, kwa maana nyumba za huku hazichoki kusimulia nani alimwoa nani na kwa ng'ombe wangapi.

Kwa robo saa niliwasikia wakinong'ona tu. Halafu penseli zikasimama. Watoto walikuwa wanaangalia madaftari yao. Zaidi ya nusu walikuwa na mama au bibi wa upande wa pili. Mmoja alikuwa ameandika jina la bibi, akalifuta, akaliandika tena.

Wankuru akanyoosha mkono. Dawati lake lilikuwa na nafasi tupu kando.

"Mwalimu, mama yangu ametoka ng'ambo. Wajomba zangu wote wako ng'ambo."

"Ndiyo, Wankuru."

"Sasa mjomba ni adui?"

Kwenye andalio la somo nilikuwa nimeandika maswali sita na majibu yake. Hilo halikuwamo. Nyuma ya darasa Nyamhanga akasimama taratibu, akishikilia dawati.

"Mjomba ni mjomba," akasema. "Akifanya vibaya, ni mjomba aliyefanya vibaya. Kaa, mwanangu. Umeandika vizuri."

Habari zikamfikia Sista kabla ya chakula cha mchana. Alinisimamisha mbele ya meza yake. "Tulikubaliana nini?"

"Kuiruka mada, Sista."

"Mwalimu, mimi si mwoga kama unavyofikiri. Shule hii ikifungwa, mada zote zitakuwa zimerukwa, za watoto wote. Hilo uliliwaza?"

Sikuwa nimeliwaza, na nikamwambia hivyo. Alikuwa na haki yake. Kisha akauliza, "Karatasi ya mikondo iko wapi?" Nikamwambia imeshindikana, nikampa madaftari ya watoto badala yake. Aliyasoma moja moja akiwa amesimama. Aliyaweka kwenye mkoba wake.

Jumatatu wazazi walijaa kwenye chumba kile kipya, kabla hata hakijawekwa milango. Wanaume mbele, wanawake nyuma, kama desturi. Wa ng'ambo walileta watu watatu tu, wakakaa karibu na pa kutokea. Sista akasalimu, akasali, akasema mwalimu wa taaluma ataeleza. Nikasimama na rejesta mkononi. Nikasema nimeombwa nipange mikondo kwa koo, lakini nimepata shida na majina, naomba wazazi wanisaidie. Nitasoma jina la mtoto, mzazi aniambie A au B.

Nikaanza na Wankuru, kwa sababu baba yake ndiye aliyeleta ombi.

"A," akasema Mzee Mwita.

Nikaandika. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kusoma jina la pili nikasikia sauti kutoka nyuma.

"Subiri kidogo, mwalimu."

Alikuwa mama yake Wankuru. Mwanamke mfupi, kitenge kichwani, ambaye katika miaka mitatu nilimsikia akisema shikamoo na asante tu. Alikuwa amesimama.

"Mtoto huyo nimemzaa mimi," akasema, "na mimi ni wa ng'ambo. Wote humu mnajua. Kama kuna watu wa A na watu wa B, basi niandike mimi kwanza. Nijue leo nikitoka hapa nalala nyumba gani."

Mzee Mwita aliangalia mikono yake. Mwanamke mwingine akasimama kando yake, akasema, "Na mimi." Kisha wa tatu. Mmoja wa wale watu watatu wa ng'ambo akainamia mwenzake, akanong'ona. Huyo aliyenong'ona alikuwa kaka wa mmoja wa wanawake wale na alikuwa hajamwona tangu mapigano yaanze.

Sista akangoja. Alijua kungoja. Mwisho Mzee Mwita akasema kwa sauti yake ile ya chini, "Mwalimu, futa hiyo."

Tuligawa mikondo kwa kufuata namba za rejesta, namba shufwa huku na witiri kule, na vitanda tukavirudisha sisi walimu kwa mikono yetu. Msifikiri kila mtu alifurahi. Watoto tisa waliondolewa wiki hiyo na saba kati yao hawakurudi tena. Mapigano hayakuishia pale chumbani. Yaliishia miezi mingi baadaye, kwa kazi ya wazee wa mila na serikali, na watu wengine walikuwa wameshakufa. Shule haikuleta amani. Ilikataa kugawanywa tu, na hata hilo lilitokana na mama mmoja.

Jumamosi iliyofuata Nyamhanga akaniambia twende kwa kina Mugesi. Nilimwuliza kama ana akili timamu. Njia ile ilikuwa haipitwi na mtu wa huku, na yeye kwa baba alikuwa wa huku. Akachukua fimbo yake, akatangulia. Tulipovuka mto akaanza kuita kwa sauti, kwa Kikurya, kila tulipokaribia mji wa mtu. Nikamwuliza anasema nini. "Natamka jina la mama yangu," akasema. "Nawaambia mpwa wenu anapita." Vijana wawili wenye pinde walisimama njiani, wakamtazama, wakamwamkia, wakatupisha. Nilitembea nyuma yake nikishika rozari mfukoni na daftari jipya kifuani.

Baba yake Mugesi alikuwa amelala juu ya ngozi nje ya nyumba, mguu umefungwa. Tukapewa viti na uji. Baada ya kujuliana hali akanigeukia.

"Mwalimu, unataka mtoto wangu akae na mtoto wa watu walionipiga mshale?"

"Mimi sijui nani alikupiga," nikasema.

"Hata mimi sijui," akasema. "Lilikuwa vumbi tupu."

Nikatoa daftari, nikamwambia kwamba Mugesi amekosa somo moja na nimemletea, lakini hawezi kulifanya bila yeye. Mugesi akaja akapiga magoti kando ya ngozi, akaandika. Baba yake akamtajia babu, baba wa babu, mji waliotoka, kwa fahari, akisahau mguu. Alipofika kwa bibi yake mwenyewe akanyamaza. Mugesi aliinua penseli.

"Huyu alitoka wapi, tata?"

Mzee akamtazama Nyamhanga, Nyamhanga akatazama uji wake.

"Kule kwao Mwalimu Nyamhanga," akasema mzee. "Ng'ambo ya pili."

"Niandike?"

"Andika. Si ndiko alikozaliwa."

Jumatatu ya pili yake Mugesi alirudi na sanduku lake. Hakukaa na Wankuru. Walikuwa na namba za kuwaweka mkondo mmoja, lakini alichagua dawati jingine, na mimi sikumlazimisha. Ilichukua hadi mwezi wa saba. Siku hiyo niliingia darasani nikasikia kelele, nikawakuta wamekaa pamoja wakigombana kuhusu kifutio, kila mmoja akidai mwenzake amekiuma. Nikasimama mlangoni nikawaacha wagombane. Leo Wankuru ana duka la dawa za mifugo Mugumu. Mugesi ni afisa ugani. Sijui kama ni marafiki. Najua Mugesi huwaelekeza wafugaji wake dukani kwa mwenzake, na kwamba Wankuru humlalamikia mbele ya watu kwa kuandika vibaya majina ya dawa.

Miaka iliyofuata ilikwenda haraka. Tulihamia Kiingereza kwa sababu wazazi walikitaka, na kwa kuwa vitabu havikutosha tukanunua vingine Sirari, vya ng'ambo ya mpaka. Mwaka huo mtoto wangu bora kabisa aliandika kwenye mtihani kwamba mlima mrefu kuliko yote nchini mwetu ni Mlima Kenya. Nilimpa sifuri kwa huzuni. Kitabu nilimnunulia mimi. Ikaja zamu ya kusoma, kuandika na kuhesabu tu kwa madarasa ya chini, na masomo mengine yakapunguzwa. Ikaja mitihani ya majaribio kila mwezi, kisha kila wiki mbili. Wakaja watoto wa wachimbaji wa dhahabu kutoka Nyangoto, baba Msukuma, mama Mkurya, babu Mnyamwezi, na ule mchoro wa ukoo ukawa hautoshi kwenye ukurasa mmoja. Sista Editruda alihamishwa kurudi Bukoba. Mwalimu Nyamhanga alifariki nikiwa likizo, na nilipofika kaburini nikakuta limechimbwa na vijana wa huku na wa ng'ambo, wengi wao niliwafundisha kupima mvua. Hakuna aliyeona ajabu. Mimi ndiye niliyelia.

Basi, mwalimu wa darasa la pili, mtaala mpya ulipoletwa mwaka wangu wa mwisho, niliusoma wote kwa miwani, siku nne. Kuna mambo mazuri humo na kuna mambo yaliyoandikwa na mtu ambaye hajawahi kufukuza tembo. Utakapokuta mada inayokutia hofu, kwa sababu ya watoto ulio nao au kwa sababu yako mwenyewe, jua kwamba hiyo ndiyo wanayoifikiria usipokuwapo. Ifundishe kwa utaratibu, na mtu mzima wa pale akae nyuma.

Wiki yangu ya mwisho niliomba kipindi kimoja cha darasa la tatu. Siku hizi wanatakiwa kumhoji mtu mzima kuhusu asili yake, na msichana mmoja wa Nyangoto, mgeni, alikuwa hana wa kumhoji, akaja mezani kwangu na penseli.

"Mwalimu, kwenu ni wapi?"

"Ukerewe."

Akaandika. "Una nyumba huko?"

"Ilikuwapo ya wazazi. Ilianguka."

"Wewe unakaa wapi?"

"Hapa. Nimejenga vyumba viwili kule juu, njia ya kwenda Machochwe."

"Ukimaliza kazi utarudi Ukerewe?"

Miaka ishirini na saba watu walikuwa wameniuliza hivyo, na nilizoea kusema tutaona. "Hapana," nikasema.

Alifikiri kidogo. Kisha akachukua kifutio, akafuta Ukerewe polepole mpaka karatasi ikawa nyembamba, akapuliza vumbi la kifutio, akaandika jina la kijiji chetu kwa herufi kubwa. Akanipa daftari nisahihishe. Kalamu nyekundu ilikuwa mkononi. Nikaweka alama ya vema.